Miaka Mitatu ya Kuongea Peke Yangu

Jumapili ijayo podikasti yangu itatimiza miaka mitatu. Sherehe haitakuwapo. Nitafanya kama nilivyozoea: nitasimamisha godoro dirishani ili upepo wa Dodoma usiingie kwenye kinasa sauti, nitazima feni, nitasubiri bodaboda wa mwisho apite, kisha nitaanza kuzungumza nikiutazama ukuta. Mama yangu aliponitembelea kwa mara ya kwanza tangu nianze shughuli hii, alisimama mlangoni akanisikiliza kwa muda, kisha akauliza: "Mwanangu, unaongea na nani?" Nikamjibu kwamba naongea na watu. Akakitazama chumba chote, hakuona mtu, akasema: "Kumbe hujaacha."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi ni mtoto wa pekee, na mtoto wa pekee huanza kuongea peke yake mapema. Nilikulia katika kijiji kimoja cha Chamwino, nikichunga mbuzi. Kwa kuwa sikuwa na kaka wa kugombana naye wala dada wa kunisemea kwa wazazi, nafasi hizo niliwagawia mbuzi. Beberu mmoja mwenye ndevu ndefu nilimfanya mwenyekiti wa kijiji. Nilikuwa nikisimama mbele yake nikiwasilisha malalamiko ya wananchi, kisha nabadilisha sauti nikijibu kwa niaba yake. Wanafunzi wangu wanaoniuliza nilijifunza wapi kuhoji viongozi, leo nimewapa jibu.

Kwa vijana wa mjini huenda hali hii isionekane ngeni. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 unaonesha kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, lakini wa mjini 3.6 na wa kijijini 5.5. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wastani wa taifa zima ulizidi sita. Kwa hiyo katika kijiji chetu, nyumba yenye mtoto mmoja ilikuwa nyumba ya kuulizwa maswali. Watu walimwambia mama, kwa nia njema, kwamba Mungu atamjalia mwingine. Waliendelea kumwambia hivyo hata baada ya baba kufariki nikiwa darasa la tano. Mama aliitikia "Amina" kila mara. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba ile "Amina" ilikuwa njia yake ya kufunga mlango bila kuubamiza.

Kwa mila zetu, kusema kweli, mimi si mtoto wa pekee. Mtoto wa baba mkubwa ni ndugu yangu, na wa mama mdogo vilevile. Kwa hesabu hiyo nina ndugu wa kujaza basi, na kwenye harusi hujaa kweli. Hata hivyo, ukoo una hesabu mbili. Ipo ya furaha, ambayo kila mtu amo. Ipo pia ya wajibu, ile ya saa nane za usiku, simu inapoita na mpigaji akasema, "Mama yako ameanguka." Katika hesabu hiyo ya pili nimekuwa mmoja tangu nizaliwe.

Nilipoanza podikasti sikuwa na nia ya kusema lolote kati ya haya. Nilitaka kujadili mambo ya umma: bajeti, katiba, ajira za vijana, namna halmashauri zinavyofanya kazi. Nilidhani wasikilizaji wangu wangekuwa wanafunzi tu. Baada ya miezi michache nikaanza kupokea ujumbe wa watumishi wa umma waliohamia Dodoma tangu Serikali ilipotangaza, mwaka 2016, kwamba sasa inahama kweli. Uamuzi wa makao makuu kuwa hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini zaidi ya miaka arobaini ilipita kabla watumishi hawajaambiwa kufunga mizigo. Wengi wa walioniandikia waliacha mwenza na watoto Dar es Salaam kwa sababu ya shule au biashara. Wanaishi katika chumba kimoja Nkuhungu au Ilazo, na Ijumaa jioni huwakuta kwenye treni au basi. Mmoja aliniandikia kwamba hunisikiliza anapopika, ili nyumbani kuwe na sauti ya mtu. Ujumbe ule niliusoma mara nyingi. Nilikuwa nimemwona kama mtumishi wa wizara anayehitaji uchambuzi wa bajeti, kumbe alikuwa mtu aliyepika ugali wa kumtosha yeye peke yake.

Msikilizaji wangu mkubwa, hata hivyo, hana simu ya kisasa. Kila mwisho wa mwezi hunakili vipindi kwenye memori kadi na kumpelekea mama, naye huipachika katika redio yake ndogo anayoichaji kwa umeme wa jua. Nilijivunia jambo hilo hadi siku nilipomuuliza ana maoni gani kuhusu kipindi cha serikali za mitaa. Akasema: "Kile ulikuwa na mafua." Nikamuuliza kuhusu kingine. "Kile ulikuwa hujala." Hakuna mhariri atakayenisikiliza kwa makini kiasi hicho.

Hasikilizi peke yake. Jioni majirani zake hukusanyika chini ya mti ulio uani, wengine wakipukuchua mahindi, nao hubishana na sauti yangu isiyoweza kuwajibu. Mama huwaambia kwamba ndivyo walivyofanya zamani. Anakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi vya wananchi vilipokaa kuzunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Takriban watu milioni mbili walishiriki nchini kote. Nimewahi kuifundisha kampeni ile darasani kama mfano wa elimu ya watu wazima, lakini sikuwahi kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu: redio ile haikuwa na maana bila watu wa kugeukiana baada ya kipindi kwisha. Podikasti tumeipokea kama kitu cha kusikiliza kwa visikizi, kila mtu na masikio yake. Wazee wa Chamwino wameirudisha chini ya mti bila kuniomba ruhusa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijalisema katika vipindi vyangu vyote. Mwaka jana nilinyamaza kwa wiki saba. Wasikilizaji waliuliza, nami nikajibu kwamba nimebanwa na usahihishaji wa mitihani. Huo ulikuwa uongo. Mama alikuwa ameanguka akitoka kuteka maji, akavunjika nyonga.

Nilipofika hospitali nilimkuta ameshalazwa. Nikamwamkia: "Shikamoo mama." "Marahaba," akajibu, kisha akaniuliza kama nimekula. Muuguzi, mwanamke mpole aliyechoka, akanieleza kwamba upasuaji unahitaji damu, na kwamba ingefaa ndugu watatu waje kuchangia. Akauliza ndugu wengine wako wapi. Nikasema: "Ni mimi." Akafikiri sikumwelewa, akauliza tena. Nimewahi kutetea tasnifu mbele ya maprofesa watano bila kutetereka, lakini swali la yule muuguzi sikuwa na jibu lake. Binamu zangu walikuwa Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam, nao walituma pesa haraka, lakini damu haitumwi kwa simu.

Saa nne asubuhi likaingia gari dogo la mizigo kutoka kijijini. Walishuka vijana wanne na wazee wawili. Wazee walikataliwa kwa sababu ya umri, wakakasirika. Vijana walichangia. Mmoja wao alikuwa bodaboda ambaye jina lake kamili nililijua siku ile tu, alipolitaja kwa mhudumu. Zamu za kulala wodini na kupeleka chakula walizipanga wenyewe wakiwa njiani. Mimi nilipewa Jumanne na Ijumaa, kama mtu yeyote mwingine.

Huwezi kuwaelewa majirani hao bila historia yao. Hawakuwa ukoo mmoja. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, familia zilizokuwa zimetawanyika katika nchi hii ya Wagogo zilihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Wengine walikwenda kwa matumaini, wengine kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Mama alikuwa msichana. Anasimulia jinsi walivyoacha makaburi na mibuyu, wakapangwa kwa mistari, nyumba kwa nyumba, na watu wasiowajua. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kumhamisha mtu bila ridhaa yake ni kosa hata kama nia ni njema, na nimelisema hilo mara nyingi hewani. Bado nalisema. Lakini vijana walioshuka kwenye lile gari ni wajukuu wa watu waliopangwa mstari mmoja na babu yangu. Agizo la Serikali liliwaweka jirani. Undugu waliutengeneza wenyewe kwa miaka hamsini ya kuazimana chumvi, kuzikana na kugombana.

Hapa ndipo jambo langu binafsi linapogeuka kuwa la umma. Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitambua familia kuwa taasisi ya msingi ya kuwatunza wazee. Maneno hayo ni mazuri, tena yanaendana na tunavyopenda kujiona. Lakini yanamdhania mzee mwenye watoto wengi, walio karibu na wenye kipato. Mama yangu amelima tangu utotoni, amelisha watu wengi kwa mtama wake, lakini hana mfuko wa pensheni, kwa kuwa mifuko yetu ilijengwa juu ya makato ya mishahara. Pensheni yake ni mimi. Nikiugua, nikifa, au nikiamua kuwa mtoto mbaya, hana nyingine. Na yeye ana bahati, maana wako wazee wasio na hata huyo mmoja.

Kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo si kweli. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 na kukidhi masharti ya ukaazi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na kiwango hicho kimepandishwa baadaye. Si fedha nyingi, lakini zinamfanya mzee aitwe kwa jina lake kwenye orodha ya nchi, hata kama hana mtoto wa kumtaja. Huku Bara tumepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ninaiunga mkono, ila kadi ya bima itagharimia upasuaji tu. Haitalala wodini, haitateka maji, wala haitamsaidia mgonjwa kujifunza kutembea upya. Watumishi mnaosoma hapa, baadhi yenu ndio mnaoandika rasimu za sera. Mnapoandika neno "familia," naomba mjiulize ina watu wangapi. Familia za mijini zinapungua ukubwa kila kizazi, na hesabu niliyoishi nayo mimi kama jambo la ajabu itakuwa ya kawaida kwa wengi wa wanafunzi wangu.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Wanasiasa wetu waliwahi kuyachukua mafiga matatu wakatuombea kura za rais, mbunge na diwani kwa pamoja. Mimi nayarudisha jikoni. Figa la kwanza ni mtoto, awe mmoja au kumi. La pili ni jirani. La tatu ni nchi. Mama yangu alipolala pale wodini, mawili yalikuwapo, na chungu kiliinama upande mmoja.

Sasa anatembea kwa fimbo. Wiki iliyopita nilimpelekea memori kadi mpya nikamweleza kwamba kipindi cha kutimiza miaka mitatu kitamhusu yeye, kama ataridhia. Akanyamaza kidogo, akauliza kama nitasema alianguka akiteka maji. Nikasema ndiyo. Akasema: "Sema pia bomba limeharibika tangu mwaka juzi. Usiwasimulie mguu wangu ukaliacha bomba."

Nimelisema hapa, nitalisema tena Jumapili. Yule beberu mwenyekiti hakuwahi kunijibu. Huenda safari hii akajibu mwingine.