Kamango: Viko viwili kutoka Italia vimerudisha kikao cha jioni

Hapa Kamango, katika usultani wa Watalinga, eneo la Beni, kuna mkulima mmoja wa kakao aliyefika miaka 51 bila kuvuta hata sigara moja. Mwaka huu ameanza kuvuta kiko. Majirani walicheka kwanza, kisha wakauliza: mtu wa umri huo anaanzaje leo jambo ambalo wengine wanajitahidi kuliacha?

Jibu lake linaanzia kwa marehemu baba yake. Mzee huyo alikuwa na kiko cha udongo chenye mrija wa mwanzi, na tumbaku aliilima mwenyewe nyuma ya nyumba. Jioni akishakula alikaa mlangoni, akawasha kwa kaa la moto. Watoto walijua kwamba moshi ukianza kupanda, ruhusa ya kuuliza maswali imetoka. Hapo ndipo walipojifunza mpaka wa shamba unapita wapi, nani anadaiwa mbuzi, na ndugu gani wa ukoo wanaishi ng'ambo ya mto Lamia, upande wa Uganda.

Tarehe 11 Julai 2013 waasi wa ADF walishambulia Kamango. Zaidi ya watu 60,000 walivuka mpaka na kuingia wilaya ya Bundibugyo, na wengi wakapokelewa katika kambi ya muda ya Bubukwanga. Siku ile mzee alimwomba mwanawe achukue vitu viwili: mfuko wenye karatasi za shamba, na kiko kilichokuwa juu ya ukuta karibu na jiko. Kijana alichukua karatasi. Kiko alikisahau. Kule kambini mzee alikiulizia mara moja tu, akanyamaza. Alifariki ukimbizini. Familia iliporudi, nyumba ilikuwa tupu.

Mwaka jana mkulima huyo alimsimulia shemeji yake anayesoma Italia habari hiyo. Hakuwa akiomba kitu. Lakini mwaka huu, mgeni aliyetokea Kampala alivuka Nobili akiwa na kifurushi kidogo. Ndani mlikuwa na viko viwili vya mbao, kimoja kimenyooka, kingine kimepinda, vyote vimechongwa jina Savinelli, kampuni iliyoanza kama duka mjini Milano mwaka 1876.

Siku ya kwanza ilikuwa ya aibu. Alijaza tumbaku ya soko, bado mbichi, akaishindilia kwa kidole kama mtu anayefunga gunia. Kiko kikazima. Akawasha tena, kikazima tena. Alimaliza nusu ya kiberiti, ulimi ukaungua, na mke wake akamwambia, "Baba watoto, marehemu hakuwa akipigana nacho hivyo."

Shemeji alimtumia maelezo kwa sauti kwenye simu. Tumbaku ianikwe mpaka ishikike bila kunata. Safu ya chini iwekwe kwa wepesi, ya katikati ikazwe kidogo, ya juu zaidi. Iwashwe mara mbili, kwa sababu moto wa kwanza huinua majani tu. Mvutaji avute polepole bila kumeza moshi, kwani haraka ndiyo inayochoma ulimi. Kiko kipya kijazwe kidogo kwanza, mpaka ndani pajijengee utando mwembamba wa masizi unaolinda mbao. Kisha kipumzike siku nzima, kikauke. Ndiyo maana vilitumwa viwili.

Swali lililomsumbua zaidi ni hili: mbao gani hii inayokaa na moto bila kuteketea? Shemeji alimjibu kwamba ni nundu inayoota kwenye shina la mti uitwao Erica arborea, pale mizizi inapoanzia. Huko Italia huichimba, huikata vipande, huichemsha kuondoa utomvu, kisha huiacha ikauke kwa miezi mingi kabla ya kuchongwa. Akaongeza jambo lililomfanya mkulima atoke nje kutazama mlima. Mti huo huo unaota Ruwenzori, juu kupita mianzi, kwenye baridi ambako matawi yake yamefunikwa na ndevu za kuvu.

Kumbe hata Waitaliano si wageni mlimani. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipanda Ruwenzori na wenzake hadi kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,109, akakipa jina la Margherita, malkia wa Italia. Binti wa mkulima aliposikia hayo aliuliza kwa nini wasichonge viko vyao wenyewe. Baba akamwambia kwamba upande wa Kongo miti hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Virunga, hairuhusiwi kukatwa.

Nyumbani kulikuwa na ubishi mwingine. Mke hakutaka moshi karibu na watoto, na muuguzi mmoja alimwonya mumewe kwamba kutomeza moshi hakumwokoi mtu na kansa ya mdomo. Hakubisha. Wamekubaliana: mara moja kwa juma, Jumapili, nje, upande upepo unakoelekea, na watoto wakae mbali kidogo. Tena ni kabla ya giza, maana siku hizi hakuna anayekaa mlangoni usiku kama zamani.

Jumapili iliyopita mtoto wa mwisho, aliyezaliwa baada ya ukimbizi, aliuliza shamba lao linaishia wapi. Baba aliweka kiko chini, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa karatasi. Walizisoma mpaka jua likazama. Kiko kilizima chenyewe, na hakuna aliyekiwasha tena. Jumapili ijayo ni zamu ya kile kilichopinda.