Miguu Kabla ya Mkono

Msomaji, watu wengi watazamapo mchezo wa tenisi hutazama mkono wa mchezaji. Huuona ukipanda na kushuka na kuupeleka mpira ng'ambo ya wavu, nao huusifu au kuulaumu kwa yote yatokeayo. Mimi nami nilikuwa miongoni mwao, na kosa hilo lilinipotezea mchezo, nusura linipotezee na rafiki.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipenda sana mtindo wa kuanzisha mpira na kuufuata mbio hadi karibu na wavu, ili urudipo niupige ungali hewani, kabla haujagusa ardhi. Ni mtindo wa ushujaa, kwa maana humnyima mpinzani nafasi ya kutulia. Kwa mtindo huo Stefan Edberg wa Sweden alitwaa ubingwa wa Wimbledon mwaka 1988 na tena mwaka 1990. Na kwa mtindo huo Martina Navratilova aliutwaa ubingwa wa wanawake hapo mara 9. Sikuwa na ustadi wao, lakini nilikuwa na mbio, nikadhani kuwa mbio zatosha.

Siku ya fainali ya shule nilijua kuwa hazitoshi. Kila nilipoukimbilia wavu, mpira ulinipita ubavuni au uliangukia miguuni pangu, nami nikawa kama gari lisilo na breki. Nilishindwa vibaya. Raketi niliyoitumia ilikuwa ya rafiki yangu, aliyeniazima kwa moyo mweupe. Nilimrudishia mbele ya watu, nikasema kuwa nyuzi zake zimelegea na kwamba ndiyo iliyoniangusha. Hakunijibu neno. Alikipokea chombo chake akaenda zake, na siku nyingi zikapita bila ya sisi kusemezana.

Kiwanja chetu kilikuwa cha udongo mwekundu. Jioni moja mzee aliyekitunza alikifagia, akanyunyiza maji kidogo, kisha akaniambia nianzishe mpira mmoja na kukimbia kama ilivyo desturi yangu. Nilipokwisha, alinionyesha nyayo zangu mwenyewe.

"Soma, mwanangu," alisema. "Ulisimama wapi?"

Nilisoma. Nyayo zilitoka mstari wa nyuma, hatua ndefu moja baada ya nyingine, zikaenda hadi wavuni. Hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo miguu miwili ilikuwa sambamba.

"Sikusimama, mzee," nilijibu.

"Basi utageukaje? Mtu aliye katikati ya hatua ana mguu mmoja tu."

Maneno hayo yalikuwa machache, lakini yalibeba elimu yote ya mtindo huu. Toka mstari wa nyuma hadi mstari wa kuanzishia ni futi 18, na toka hapo hadi wavuni ni futi 21. Hakuna awezaye kuumaliza mwendo huo wote kabla mpira haujarudi. Kwa hiyo, rusha mpira mbele yako kidogo, ili mwili uufuate ndani ya kiwanja. Atumiaye mkono wa kulia hutua kwa mguu wa kushoto, kisha huenda hatua chache za haraka. Mara mpinzani aanzapo kuipeleka raketi yake mbele ili apige, ruka mruko mdogo, utue kwa miguu yote miwili, iliyoachana kwa upana wa mabega, magoti yamekunjwa na visigino ni vyepesi. Kama hujaufikia mstari wa kuanzishia, ruka vivyo hivyo. Ni heri kusimama mbali kuliko kupita karibu. Sasa waweza kwenda popote. Mpira ukija kuliani, sukuma ardhi kwa mguu wa kulia, na wa kushoto uvuke mbele unapoupiga. Ukija kushotoni, fanya kinyume chake. Ukiisha kupiga, songa mbele tena, ukaruke upya kungojea wa pili.

Nilijizoeza majuma kadhaa bila ya mpira. Kila jioni nilifagia udongo, nikakimbia, nikarudi kusoma. Mwanzoni nyayo pacha zilitokea mara moja katika mara kumi. Baadaye zilitokea kila mara. Lakini kadiri nilivyozidi kuziona ndivyo nilivyozidi kuona aibu, kwa maana udongo ulikuwa ukishuhudia kuwa raketi ilisingiziwa.

Nilimwendea rafiki yangu. "Ndugu yangu," nilimwambia, "raketi yako haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa miguuni mwangu, nami nikalitupa mkononi mwako. Nisamehe." Alinitazama kitambo, kisha akacheka, akaenda kuileta raketi ile ile. Tulicheza hadi jua likatua. Alinishinda, wala sikutafuta wa kumlaumu.

Msomaji kijana, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mpigo mzuri karibu na wavu huundwa na miguu kabla mkono haujaufikia mpira. Basi siku utakayoshindwa, usianze kukichunguza chombo ulichoazimwa. Rudi nyuma ukazisome nyayo zako; nazo zitakuambia kweli ambayo huenda rafiki yako, kwa upole wake, ameinyamazia.