Karatasi ya Pili



Juma lililopita sisi wa kamati ya fedha ya parokia yetu, hapa Marekani, tuliketi mbele ya muuzaji wa magari tukiwa na fedha mlizochanga kwa miezi kumi na minne. Gari tulikwisha kulichagua: la umeme, la mwaka 2021, lililokwenda maili 41,000, kwa ajili ya kuwapeleka wazee wetu kliniki na kanisani. Tulipokuwa tayari kutia sahihi, muuzaji alitusogezea karatasi ya pili: dhamana ya nyongeza ya miaka minne, kwa dola 2,300. "Betri ikifa," alisema, "mtajuta."

Tuliogopa, nusura tutie sahihi. Tukaomba siku mbili.

Jioni ile tuliisoma karatasi kifungu kwa kifungu, tukatambua mambo mawili. Kwanza, betri ilikuwa na ulinzi tayari. Kwa kawaida watengenezaji wa magari ya umeme hapa huidhamini kwa miaka 8 au maili 100,000, lolote litakalotangulia, tangu gari lilipouzwa mara ya kwanza. Ya gari letu inaendelea hadi mwaka 2029, nayo imehamia kwetu tulio wanunuzi wa pili. Pili, kupungua kwa nguvu ya betri kadiri inavyozeeka, jambo tuliloliogopa kuliko yote, karatasi iliuita uchakavu wa kawaida, na haikuulipia.

Hatusemi kwamba ule ulikuwa ulaghai. Ililipia kiyoyozi, skrini, na kifaa cha kuchajia kilichomo ndani ya gari, na matengenezo ya vitu hivyo ni ghali.

Lakini mama yetu mmoja mzee, anayekwenda kusafishwa damu mara tatu kwa juma, alituuliza: "Baba Paroko, gari likiwa gereji, karatasi hiyo itanipeleka kliniki?"

Tuliipekua tena. Haikusema lolote juu ya usafiri wake.

Basi tuliamua kutoinunua. Dola 2,300 zile tumeziweka katika akaunti ya peke yake, zilipie fundi, au teksi ya mama huyo gari likilala. Kifaa cha kuchajia kikiharibika mapema, huenda akiba hiyo isitoshe. Tunalijua hilo, na tumelikubali kwa macho mawazi. Familia isiyo na namna ya kuweka akiba, ambayo tengenezo moja kubwa lingeiangusha, yaweza kuamua vingine, wala haitakuwa imekosea.

Tunawasihi tu, ndugu zetu, msitie sahihi siku ile ile mliyotishwa. Ulizeni: dhamana ya kiwandani imebaki miaka mingapi? Betri imepimwa? Na kile tunachokiogopa, kimeandikwa humu, au kimetajwa kwa mdomo tu?

Tunawatakia Dominika njema.