Shaba Iliyokataa Joto

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa adimu Tanzania. Taa za infraredi za kiwandani hazikununuliwa hivi hivi. Kibali kilifuatiliwa, kikasubiriwa. Kwa hiyo zilipofungwa kwenye mtambo wetu wa kuvika nyaya plastiki, Dar es Salaam, zamu nzima ilisimama kuzitazama.

Tulizihitaji kwa sababu ya ganda. Waya wa shaba ukiingia wa baridi kwenye plastiki iliyoyeyuka, plastiki hupoa ghafla upande wa ndani na kushika vibaya. Fundi umeme akikata kipande, ganda linarudi nyuma, shaba inabaki uchi ndani ya nyumba ya mtu. Hilo lilininyima raha. Dawa yake ni kuupasha waya moto, nyuzi 100 hivi, kabla haujavikwa.

Taa zikawashwa. Fremu ikawa haishikiki, jasho likatutiririka, na waya ukatoka vuguvugu tu. Tukaamriwa kupunguza mwendo. Uzalishaji ukashuka, ganda likaendelea kuteleza.

Aliyelifumbua fumbo ni mzee mmoja wa zamu ya usiku. Kulikuwa na roli ya waya iliyopita kwenye tanuru lililoingiwa na hewa, waya wake umekuwa mweusi, imetengwa kama taka. Akaifunga mtamboni, mwendo ule ule, taa zile zile. "Shikeni sasa, wanangu," alisema. Hakuna aliyethubutu. Waya ulikuwa wa moto kwelikweli.

Shaba inayong'aa huirudisha mionzi ya infraredi, zaidi ya asilimia 95 yake, kama kioo kinavyorudisha mwanga. Weusi ule huifyonza. Tena waya wenye unene wa milimita 1.4 ni shabaha ndogo mno: mionzi mingi iliupita pembeni, ikaishia kwenye fremu na kwetu.

Waya mweusi hatukuweza kuuuza, maana huharibu maungio ya umeme. Mhandisi wetu akapitisha umeme wa volti ndogo ndani ya waya wenyewe, kati ya makapi mawili, joto likazaliwa humo humo kwenye shaba. Ganda likashika. Taa zikahamishiwa kwenye kukausha rangi za mabati, na huko zilifaa sana, kwa kuwa rangi hufyonza mionzi hiyo vizuri.

Taarifa iliyopelekwa kwa wakubwa ilimsifu mhandisi, na alistahili. Mzee hakutajwa hata kwa mstari mmoja. Mimi nilikuwapo usiku ule, na roli ile nyeusi aliifunga yeye.