Jiwe la Yai na Ng'ombe Sita

Muuzaji aliposikia kwamba mimi na mpwa wangu ni watu wa Kongo, uso ulimchangamka. "Basi mambo ya almasi mnayajua kuliko mimi," akasema. Tulikuwa Des Moines, jimbo la Iowa, Jumamosi ya theluji nyepesi, mbele ya kabati la kioo lenye taa kali utadhani chumba cha upasuaji. Mpwa wangu akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nimezaliwa Kamanyola, nimekulia Kamanyola, na almasi ya kwanza kuiona kwa macho yangu ni hiyo aliyokuwa ameishika kwa kibano, nami nina miaka 46.

Nilijaribu kumweleza kwa Kiingereza changu cha kiwandani. Almasi iko Kasai, ambako iliokotwa mara ya kwanza mwaka 1907, na kutoka kwetu hadi mji wake wa Mbuji-Mayi hakuna barabara ya kumfikisha mtu kwa siku zinazohesabika. Mkazi wa Kamanyola atafika Bujumbura, Kigali na Dar es Salaam mara kumi kabla hajaiona Kasai. Madini tunayoyajua sisi ni dhahabu ya Kamituga, ile inayoshuka milimani imekunjwa ndani ya kipande cha karatasi ya daftari. Kamanyola yenyewe ni njia panda: mto Ruzizi, ng'ambo yake Bugarama ya Rwanda, ukisogea kidogo ni Burundi, na juu yako ule mteremko wa Ngomo ambao malori hushuka breki zikinuka. Mihogo, mpunga, nyanya, ng'ombe. Jina letu lilipata ukubwa kuliko sisi wenyewe. Kwa kuwa Mobutu, rais wa baadaye, alipigana hapo mwaka 1964, Kamanyola likawa jina la kikosi cha jeshi, la uwanja mkubwa wa mpira Kinshasa, hata la meli yake ya kifahari. Mji ukabaki na vumbi lake. Haya ya Mobutu sikumwambia muuzaji, maana alikwishapanga mawe juu ya kitambaa cheusi.

Nilidhani kununua pete ya uchumba ni kuuliza bei. Kumbe kwanza ni umbo. Duara. Mraba wenye kona kali. Mstatili uliochongwa kama ngazi, ukiutazama ni kama unachungulia ndani ya kisima. Tone la maji. Moyo, ambao mpwa wangu aliusukuma kando bila kusema neno, na nikamheshimu kwa hilo. Yai. Na lile jembamba lililochongoka pande mbili, ambalo Wafaransa wamelipa jina la cheo cha ikulu zao, lakini mtu yeyote aliyekaa kando ya ziwa Tanganyika angeliita mtumbwi.

Tulimpigia mama yake kwa video. Dada yangu ni mkubwa kwangu, namwita Yaya, na intaneti ya siku hiyo ilimruhusu aone picha lakini isimruhusu kusogea: uso wake ukaganda kwenye skrini, mdomo wazi, sauti ikija nyuma yake. "Huo mtumbwi wa nini? Anaolewa au anavuka kwenda Kigoma?" Muuzaji akauliza mama amesema nini. Nikamjibu kwamba mama anapenda maumbo mengine.

Kisha ikaja habari ya mabaki. Jiwe likitoka ardhini, mara nyingi lina umbo la piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Fundi akitaka kulifanya duara, lazima akate kona zote, na katika kukata huko zaidi ya nusu ya uzito huweza kwenda na vumbi. Ndiyo sababu duara ni ghali: unalipia na kile usichokiona. Mraba unapoteza kidogo kuliko duara, kwa kuwa unafuata umbo ambalo jiwe lilizaliwa nalo. Hesabu ya duara la kisasa, nyuso 57 au 58 zikihesabiwa na ile ndogo ya chini kabisa, iliandikwa mwaka 1919 na Marcel Tolkowsky, mtoto wa ukoo wa wakata almasi wa Antwerp. Alipiga hesabu pembe kwa pembe ili mwanga ukiingia kwa juu usipotelee chini, bali urudi kwenye jicho la mtazamaji. Muuzaji aliyasema haya kwa fahari, nami nikamtafsiria Yaya.

Kimya kidogo. Kisha: "Hiyo nusu inayotupwa, nani anaichukua?"

Swali la mtu wa soko. Nimelibeba tangu siku ile. Yaya amepima unga na mchele maisha yake yote, na hajawahi kuona bidhaa inayopanda bei kwa kupunguzwa nusu. Jibu ni kwamba vipande hukatwa vikawa vijiwe vidogo, na vumbi linarudi kazini, kwa kuwa almasi husuguliwa kwa almasi. Sahani ya fundi inayozunguka hupakwa unga wa almasi na mafuta. Na hapa ndipo Kasai inapoingia dukani bila kutajwa. Sehemu kubwa ya mawe ya Mbuji-Mayi hayafai pete: ni ya kijivu, yana ufa, hayapitishi mwanga. Kwa miaka mingi Kongo ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani kwa uzito, na mengi ya mawe hayo yalisagwa yakawa unga wa kusugulia, kutoboa na kukatia vitu, hata mawe mazuri ya wengine. Niliposoma habari hii nilifikiria kiwanda cha nyama ninachokwenda kila siku saa kumi na moja alfajiri, na wenzangu wa Uvira, Fizi na Baraka tuliojipanga kwenye mstari na visu. Nikaifunga simu. Mtu asijionee huruma kabla ya zamu.

Lakini Kasai ilitoa na makubwa. Kisa ninachokipenda ni cha mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mbuji-Mayi. Binti mdogo anacheza kwenye rundo la kokoto karibu na nyumba ya mjomba wake, kokoto zilizotupwa na mgodi wa kampuni ya MIBA kwa kuonekana hazina kitu. Anaokota jiwe, anampa mjomba. Mjomba anawauzia wachuuzi wa hapo, jiwe linapita mikono mpaka Antwerp. Lilikuwa na karati 890, yaani gramu 178, uzito wa nyanya kubwa. Lilichongwa kwa miaka kadhaa, na lililo kubwa kati ya yaliyotoka humo lina karati 407.48. Wanaliita Incomparable, lisilo na mfano. Zaidi ya nusu ya uzito haimo ndani yake, tena. Jina la binti halimo katika habari hizo kama zinavyosimuliwa, wala kiasi alichopata mjomba. Mimi kama mjomba ningependa sana kujua hilo la pili.

Turudi dukani. Muuzaji alikuwa na desturi yake: msichana asijue. Mwanamume anunue kwa siri, ampeleke mahali pazuri, apige goti. Mpwa wangu alicheka. Msichana alijua tangu zamani. Alikuwa kwenye gari nje, anamalizia chai. Kwetu habari ya posa humfikia bibi wa msichana kabla ya msichana mwenyewe, na goti akilipiga mtu ni binti anayempa mzee kikombe. Yaya aliposikia kwamba mwanawe atatakiwa kupiga goti, aliuliza amemkosea nani.

Na posa ilikwisha kufika Luvungi, kwenye bonde la Ruzizi, kwa watu wa msichana. Msichana alizaliwa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, akaja Iowa na mama yake. Baba amefariki, basi neno la mahari liko kwa baba yake mkubwa ambaye hakuwahi kuondoka bondeni. Mzee alisema ng'ombe sita. Watu wa huku, hasa wale waliosoma, huniambia mambo ya ng'ombe yamepitwa na wakati. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 haisemi hivyo: kifungu cha 361 kinataka mahari yakubaliwe na pande mbili, na angalau sehemu yake itolewe kabla ndoa haijafungwa. Pete haitajwi. Unaweza kuoa Kongo bila almasi, bila keki, bila suti. Bila mahari, hapana.

Ila ng'ombe wenyewe wamegeuka. Nani afuge sita bondeni sasa? Wizi wa mifugo ulikuwepo siku zote, halafu Februari 2025 waasi wa M23 waliichukua Bukavu, wakateremka hadi Kamanyola, na Desemba vita vikashuka bonde zima mpaka Uvira, watu wakivuka kwenda Burundi na magodoro kichwani. Kwa hiyo tunasema ng'ombe, tunatuma dola. Tulikubaliana dola 400 kwa kila kichwa. Nilituma za wawili wa kwanza kupitia wakala mmoja ambaye simtaji, zikakaa siku kumi na moja hewani, na kila siku mzee wa Luvungi alinipigia kuniuliza, kwa upole wa kutisha, kama ng'ombe wangu wanatembea kwa miguu kutoka Marekani.

Sharti lake lilikuwa moja: watano wawe fedha, lakini mmoja awe na kwato. Apelekwe, aonekane, majirani wamhesabu. Hapo nilimwelewa kabisa. Dola 2,000 huingia ndani ya simu na kutoka, hakuna aliyeziona. Ng'ombe akipita barabarani, kijiji kizima kinajua kwamba binti yao, aliyezaliwa kambini na kulelewa kwenye baridi, ana watu.

Pete ingefanya kazi hiyo? Nilimuuliza mpwa wangu ataivaa mkewe wapi. Kazini, kanisani, dukani: Des Moines. Siku wakienda nyumbani kusalimia, wakishuka Bujumbura na kukata kuelekea mpakani, itavuliwa ndani ya ndege. Hakuna mwenye akili anayepitisha jiwe linalong'aa kwenye barieri, mbele ya vijana wenye bunduki ambao hawajalipwa. Basi kila zawadi ina nchi yake. Jiwe halivuki kwenda, na kwato hazivuki kuja.

Kijana alitaka jiwe la ardhini, na zaidi alitaka liwe la Kongo. Nilimpenda kwa hilo, lakini muuzaji hakuweza kumwambia jiwe limetoka wapi. Mpango wa Kimberley ulioanza mwaka 2003 hutoa vyeti kwa mawe ghafi yanapovuka mipaka, kwamba hayakugharamia waasi. Jiwe likishachongwa na kuchanganywa na mengine, asili yake mara nyingi hupotea njiani. Kisha akatoa trei nyingine: almasi zilizooteshwa maabara, kaboni ileile, ugumu uleule, jicho halitofautishi. Bei haikufika robo. Nilisema tuchukue hiyo. Bado sina uhakika kama nilisema vema. Kuna mtu Kasai amesimama kwenye maji mpaka kiunoni na chekeche mkononi, na kila trei kama ile inamshushia bei. Lakini dola zilizobaki ndizo zilizonunua ng'ombe mwenye kwato, na mchungaji wa Luvungi naye ana watoto.

Likabaki umbo. Mpwa wangu alikuwa amevutwa na tone la maji, limesimamishwa juu kwenye makucha membamba ya dhahabu, na kweli lilikuwa zuri, likimeta kila alipopumua. Hapo ndipo tulipomwita msichana aingie. Ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Hakuangalia kimeto. Alipitisha kidole gumba juu ya jiwe, taratibu, kama mtu anayepima makali ya kisu, akasema: "Hii itanichania glavu."

Anabadilisha glavu mara arobaini kwa usiku. Anageuza wazee kitandani, ngozi yao laini kama karatasi ya sigara. Ncha ya tone ingekwaruza, makucha yangenasa shuka. Mraba nao akaukataa, akaonyesha kona: hizi zinavunjika na zinakata. Muuzaji alikiri kwamba kweli, kona kali ndizo dhaifu. Mstatili wa ngazi akausifu, kisha akauliza bei, kisha akaacha kuusifu.

Akalichukua yai. Halina kona, linarefusha kidole kidogo, na lilikuwa limelazwa chini, limezungushiwa ukingo wa dhahabu mzima badala ya makucha. Nililitazama kwa kile kioo cha kukuzia na kuona katikati yake kivuli cheusi kama tai ya shingoni, ile ya kipepeo. Muuzaji akasema karibu kila jiwe la umbo la yai lina kivuli hicho, cha msingi kisizidi. Nilianza kupinga. Msichana akaniambia, "Mjomba, liache," kwa sauti ambayo nadhani wazee wa zamu ya usiku wanaifahamu.

Simu ikalia: Yaya ametuma picha. Ng'ombe mweusi, baka jeupe kwenye bega, amefungwa kwenye mwembe wa jirani, anatazama kamera kwa dharau. Chini yake ameandika: huyu ndiye.

Msichana aliitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akaangalia kwato. Kisha akatoa mfukoni glavu ya buluu, akaivaa juu ya pete ya majaribio, akakunja ngumi, akaifungua, akakunja tena. Mpira ukavutika juu ya jiwe, ukatulia. Akainua mkono kwenye taa ya kabati kuangalia kama kuna tundu. Halikuwepo. Akauliza tutamaliza saa ngapi, maana bado hajalala na zamu inaanza saa tano.