Mchemraba na Mcheduara: Miaka ya Kazi katika Maabara ya Zege

Gredi ya zege ni namba inayotaja mgandamizo ambao zege linaweza kuuhimili kabla ya kupasuka, kwa kawaida likiwa na umri wa siku 28, lakini namba hiyo haijakamilika mpaka ijulikane ni umbo gani lililopimwa, kwa vizio gani, na ni matokeo mangapi yanayoruhusiwa kuanguka chini yake. Mwandishi wa tawasifu hii, ambaye maisha yake ya kazi yalipita katika maabara ya vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, hakuanza na uelewa huo. Alipoajiriwa mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuta mezani kiwango kimoja tu, BS 8110 cha Uingereza cha mwaka 1985, ambamo C25 ilimaanisha nyutoni 25 kwa kila milimita mraba, yaani megapaskali 25, zinazopatikana kwa kuvunja mchemraba. Namba hiyo haikuwa wastani bali nguvu bainifu, kiwango ambacho matokeo yasiyozidi matano katika kila mia ndiyo hutarajiwa kuwa chini yake, hivyo mchanganyaji alilazimika kulenga juu zaidi ya 25.

Mafundi wa wakati huo walitaja zege kwa uwiano wa moja, mbili, nne, yaani saruji, mchanga na kokoto zilizopimwa kwa karai au ndoo. Uwiano huo haukusema lolote kuhusu maji, na ndoo ya ziada iliyomiminwa ili zege litiririke kwa urahisi ilipunguza nguvu bila kubadilisha jina.

Kazi ya kila siku ilikuwa kujaza kalibu za chuma zenye upande wa milimita 150, zilizopakwa mafuta, kwa matabaka matatu, kila tabaka likishindiliwa kwa fimbo ya chuma mara 35, kisha kuzamisha michemraba katika tangi la maji mpaka siku yake ya kuvunjwa. Mchemraba uliovunjika sawasawa ulibaki na umbo ambalo mwandishi hakuchoka kulitazama: piramidi mbili zilizogusana kwa ncha, moja ikiwa imesimama juu ya nyingine, pande zote nne zikiwa zimebomoka. Umbo hilo ndilo lililomfunulia kiini cha mkanganyiko wa viwango, kwa maana piramidi hizo hubaki kwa sababu mabamba ya mashine huibana miisho ya zege kwa msuguano na kuizuia isitanuke, na mchemraba, kwa kuwa ni mfupi, hufaidika na kubanwa huko karibu mwili mzima. Mcheduara wa Kimarekani, wenye kipenyo cha milimita 150 na kimo cha 300, una kiuno kilicho mbali na mabamba, hivyo zege lilelile hutoa humo takriban asilimia 80 tu ya namba ya mchemraba.

Kutojali tofauti hiyo ndilo kosa lililomuumiza zaidi. Michoro ya jengo moja iliandikwa kwa kufuata kiwango cha Marekani, ACI 318, kisichotumia herufi bali hutaja pauni kwa kila inchi mraba, nayo ilidai 4,000. Mwandishi aligeuza vizio kwa usahihi, akapata megapaskali 27.6, akailinganisha na michemraba iliyotoa 30, na akatia saini kwamba zege limefaulu. Namba ya michoro ilikuwa ya mcheduara, na kwa mchemraba ilipaswa kukaribia 34. Alipoligundua aliandika barua mwenyewe kwa mhandisi mshauri, hesabu zikarudiwa, na baadhi ya nguzo zikalazimika kuvikwa nondo na zege jipya. Mashine haikukosea, wala fundi. Aliyekosea ni aliyesoma namba bila kuuliza umbo.

Tangu hapo alizichunguza herufi kwa uangalifu mkubwa. M25 ya India, katika kiwango cha IS 456, ni nguvu bainifu ya mchemraba katika megapaskali, ilhali M300 ya Kirusi ni wastani katika kilogramu-nguvu kwa kila sentimita mraba, na hukaribiana na daraja la B22.5 la hukohuko Urusi. C30 ya China, ambayo sasa huonekana katika michoro mingi ya Afrika Mashariki, ni ya mchemraba, kwa hiyo mwenzake wa Ulaya ni C25/30 wala si C30/37. Hata namba 42.5 kwenye mfuko wa saruji, ambayo wengi huidhani kuwa gredi ya zege, hupimwa kwa vipande vya mota sanifu na haiahidi chochote kuhusu nguzo.

Kwa maoni ya mwandishi, jina lililo wazi kuliko yote ni la kiwango cha Ulaya EN 206, kinachotaja mcheduara kwanza na mchemraba baadaye, maana hakimwachii msomaji nafasi ya kubahatisha. Wahandisi vijana wanaopokea michoro kutoka nchi yoyote wanaombwa waandike kwenye kila cheti cha majaribio umbo la sampuli, vipimo vyake, umri wake na kiwango kilichofuatwa, kabla ya kuandika neno "limefaulu".