Kupitia kwa Mkuu wa Chuo

Mwaka 1994 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu katika mkoa wa Shinyanga. Siku hizo mtumishi wa serikali hakuandika barua akaipeleka mwenyewe wizarani. Chini ya anwani aliandika "kupitia kwa mkuu wa chuo", na mkuu ndiye aliyeweka maoni yake, sahihi na mhuri, ndipo barua iendelee na safari. Waliowahi kukalia kiti hicho wanajua huo ni uwezo mkubwa kiasi gani.

Mkufunzi wangu wa Jiografia, kijana wa miaka kama thelathini, aliniletea fomu za kuomba ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili katika uchumi wa mazingira huko Ulaya. Habari za mkutano wa Rio de Janeiro wa Juni 1992 zilikuwa bado mbichi, na neno "mazingira" lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Nikamuuliza, uchumi na miti vina uhusiano gani? Akanionyesha vilima vitupu nje ya dirisha.

"Mkuu, mti ukikatwa kwa kuni, bei yake tunaijua. Ukiachwa umesimama hatuna bei yake, ndiyo maana unakatwa."

Sijapata kusikia maelezo mafupi kuliko hayo juu ya somo lile. Naye hakuwa akisema mambo ya vitabuni tu. Misitu ya Shinyanga ilikuwa imefyekwa kwa miaka mingi, kwanza katika vita dhidi ya mbung'o, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba. Tangu 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliouita HASHI, ulikuwa ukiwahimiza watu warudie ngitili, yaani ile desturi ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya malisho isiguswe wakati wa mvua, ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi kikikaza. Kijana alitaka kwenda kujifunza namna ya kuhesabu faida ya ngitili.

Fomu zake nikazitia kwenye droo. Sikuzikataa, ningezikataa angeweza kulalamika. Niliziweka tu, nikijiambia kwamba sina mkufunzi mwingine wa Jiografia na kwamba mitihani iko mlangoni. Aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nikamjibu, "Nalishughulikia." Nilipozitia sahihi, zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya mwisho wa kupokea maombi, na bahasha ilikuwa na safari ya kupitia Dar es Salaam kwanza. Hakuniuliza tena. Aliendelea kufundisha kwa bidii ile ile, na ingekuwa nafuu kwangu kama angezembea.

Mwaka 2005 ulitoka utafiti uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii na shirika la IUCN. Watafiti walihesabu kuni, dawa, asali, nyasi za kuezekea na mengineyo yatokayo katika ngitili, wakakuta thamani yake ni kama dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi, ilhali matumizi ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa kwa wastani dola 8.50. Niliisoma taarifa hiyo nikiwa ofisini, kwenye meza ile ile.

Novemba mwaka jana binti yake alinijia nyumbani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

Ana shahada ya kwanza ya uchumi, naye anaomba ufadhili wa Erasmus Mundus, ule wa Umoja wa Ulaya, ili asomee uchumi wa mazingira. Alinieleza kwamba mwanafunzi husoma katika nchi zisizopungua mbili, na anayepata ufadhili hupewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Vyeti alikwisha kuvikusanya, na walimu wawili wa kumdhamini alikwisha kuwapata. Alitaka nimsomee barua ya kueleza kwa nini anaomba.

"Baba amesema nikuletee mapema," akasema huku akicheka. "Eti wewe unajua mambo ya tarehe."

Binti hajui lolote. Baba yake aliyasema maneno hayo kwa uso wa namna gani, sijui.

Niliisoma usiku ule ule. Ilikuwa ya Kiingereza safi, na ilianza kwa kusema kwamba dunia nzima inakabiliwa na changamoto kubwa. Aya hiyo nikaifuta yote. Asubuhi nikamuuliza bibi yake alikuwa akitembea umbali gani kutafuta kuni kabla hawajawa na ngitili. Akasema nusu siku. Na sasa? Sasa huokota nyuma ya nyumba, na kurudi kabla uji haujachemka. Nikamwambia aanzie hapo, kwa ile nusu siku ambayo hakuna duka liliwahi kuinunua.

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuliandika. Wenye ngitili kubwa ni wenye ardhi nyingi na ng'ombe wengi. Jirani yao asiye na kitu hubaki akiomba ruhusa ya kuokota. Alidhani litaiharibu barua. Nilimwambia aliandike, tena waziwazi, kwa sababu hilo ndilo swali linalomfanya ahitaji kusoma.

Akaandika upya pale barazani kwangu. Alipomaliza, mazoea yakanishinda, nikamuuliza nitie wapi sahihi.

"Haihitaji, babu. Inakwenda moja kwa moja."

Aliituma jioni ile kwa simu yake, zikiwa zimebaki siku 41. Majibu bado. Baba yake nimempigia mara mbili tangu wakati huo, na mara zote mbili tumezungumza habari za mvua.